Simulateri mpya ya ndege: tuwalipie watoto, au tungoje?

Wiki hizi za kuelekea Noeli swali moja limetufikia kutoka nyumba mbalimbali za Nyalukemba, na kila mara linafanana. Mtoto anaomba dola 70. Si za viatu wala za minervali. Anataka kulipia simulateri mpya ya ndege, ile iliyotoka tarehe 19 Novemba 2024, na anasema ile aliyo nayo imezeeka. Mama anauliza: je, kuna faida ndani yake, au ni njia tu ya kututoa franka?

Tumeona swali hilo linastahili ukurasa wake, kwani dola 70 zina mahali zinapotoka. Kwetu wengi zinatoka kwenye likelemba, na siku zamu inapokufikia pesa imekwisha kugawanyika kichwani kabla hujaifunga kwenye pindo la kitenge: hii ya masomo, hii ya kodi ya nyumba, hii ya kuongeza mtaji wa samaki. Ukiweka 70 hapa, umezitoa pale.

Kwa yule ambaye hajasimama nyuma ya kiti cha kijana wake akaona anachofanya, simulateri ni programu ya kompyuta inayoigiza urubani. Mbele ya mtoto panaonekana dirisha la rubani, saa za vipimo, usukani na uwanja wa ndege. Anawasha mota, anakimbia uwanjani, anaruka, anatafuta njia yake, anatua. Hakuna risasi wala adui wa kuua, na kwa hilo peke yake wamama wengine wanaipenda kuliko michezo mingine inayochezwa kwenye mashine.

Inayojulikana zaidi ni Microsoft Flight Simulator. Ya kwanza ilitoka mwaka 1982, wakati ndege ilikuwa mistari michache tu kwenye kioo. Toleo la 2006, ambalo vijana wetu wanaliita FSX, bado linazunguka mjini kwa wingi kwa sababu linakubali mashine za zamani na halihitaji intaneti ili kuruka. Lile la 2020 lilileta mambo mapya: picha za dunia nzima zilizopigwa kutoka angani. Sasa limekuja la 2024, lililotengenezwa na kampuni ya Asobo ya Bordeaux, Ufaransa. Maswali tuliyopokea yanatoka kwa watoto wenye la 2006 au la 2020 wanaotaka kupanda ngazi.

Tusiseme uongo, jipya ni zuri. Milima inafanana na milima, mawingu yanatembea, na mtoto anaweza kupewa kazi kama rubani wa kweli: kubeba wagonjwa, kuzima moto wa misitu, kupeleka mizigo. Tulikaa na vijana wanaojua mashine, wakatuonyesha, na wamama wawili kati yetu walisahau kabisa kwamba walikuwa wamekuja kukataa.

Bei ya dukani si bei yote

Dola 70 ni bei ya toleo la chini kabisa. Kuna la dola 100, la dola 130 na la dola 200, na tofauti yake kubwa ni idadi ya ndege na viwanja vilivyotengenezwa kwa uangalifu zaidi. Mtoto atakuambia 70. Mwulize kama anajua hayo mengine yapo, usije ukasikia habari yake mwezi wa pili.

Halafu kuna mashine. Watengenezaji wenyewe wameandika kwamba kompyuta iwe na RAM ya giga 16 angalau, na wanashauri giga 32, pamoja na kadi ya picha yenye nguvu. Mashine ndogo ya mkononi iliyonunuliwa kwa ajili ya kazi za chuo haina hiyo kadi. Itawasha programu, kama itawasha, na picha zitakwenda kwa kurukaruka kama gari lililochanganyiwa maji kwenye mafuta. Kwa nyumba nyingi, basi, swali la kweli si dola 70. Ni dola 70 na kompyuta nyingine.

Sehemu ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa Bukavu. Toleo la 2020 lilikuwa linaomba nafasi ya giga 150 kwenye diski. La 2024 linaomba 50 tu, na vijana wanalisema hilo kama habari njema. Lakini hizo giga zilizopungua hazikupotea. Zimehamia kwenye intaneti: ndege, viwanja na picha za ardhi vinavutwa wakati mtoto anaruka, dakika kwa dakika. Kiwango cha chini kinachotakiwa ni laini ya megabiti 10 kwa sekunde, na kinachoshauriwa ni 50. Tupige hesabu ya sokoni. Laini ikivuta megabiti 10 kila sekunde kwa saa nzima, zinakwenda giga 4 na nusu. Hazivutwi zote kila saa, ni kweli, lakini mama anayenunua mega kwa siku au kwa wiki anajua giga 4 ni kitu gani. Na yule ambaye laini yake inapokea megabiti 2 tu, hata ikikubali usiku na mchana bila kukatika, giga 50 zitamchukua saa 55 kuzivuta.

Bila intaneti, toleo hili linapoteza sehemu kubwa ya kile ulicholipia. Hata kwa wenye laini nzuri Ulaya na Marekani, siku ya kwanza ilikuwa ni kilio: watu wengi mno waliingia pamoja, mitambo ikalemewa, waliokwisha kulipa wakakaa saa nyingi wakitazama mstari mmoja kwenye kioo. Wenye kampuni walitoka hadharani kueleza.

Na umeme, tunajua wenyewe. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa mlangoni mwetu, na mabwawa yake mawili tunayataja kwa majivuno, lakini jioni ya giza katika mtaa wetu si habari ya gazeti. Mashine ya nguvu inakula umeme mwingi kuliko ile ndogo, na umeme unaorudi kwa kishindo umekwisha kuua kompyuta nyingi. Kifaa cha kuilinda nacho kina bei yake.

Jambo jingine la haraka. Dukani hulipiwa kwa kadi ya benki. Asiye na kadi anapitia kwa mtu, na mtu huyo anataka chake juu. Mwingine atakuja kukuambia ana toleo la 2024 kwenye flashi kwa dola 5. Usimpe hata moja, kwa sababu programu inayovuta vitu vyake kutoka kwa mwenyewe inataka akaunti iliyolipiwa. Flashi hiyo itakuletea virusi tu.

Pale ambapo simulateri mpya ni suala la roho za watu

Kabla ya kusema hapana, twende pale ambapo simulateri si mchezo. Mtu wa kwanza kuifanya iwe kazi alikuwa Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda. Mwaka 1929 alitumia mivukuto ile inayopuliza kinanda cha kanisani, akaifanya itikise kiboksi chenye kiti na usukani, ili mtu ajifunze kuruka bila kuondoka chini. Jeshi la Marekani halikumjali mpaka mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa kufa wakibeba barua katika hali mbaya ya hewa. Ndipo likanunua sita.

Simulateri za mashirika ya ndege za leo ni vyumba vizima vinavyosimama juu ya miguu ya chuma, na kila kimoja kinagharimu mamilioni ya dola. Ethiopian Airlines, ambayo wengi wetu tumeiona ikitua Goma, inazo kadhaa katika chuo chake cha Addis Ababa. Na ni kwa shirika hilo swali letu la kununua mpya au kubaki na ya zamani lilipata jibu la kutisha.

Boeing ilipotoa ndege ya 737 MAX, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, iliwaahidi wanunuzi kwamba rubani aliyezoea 737 ya zamani hatahitaji kurudi kwenye simulateri. Somo fupi la kompyuta lingetosha. Ahadi hiyo ilikuwa na thamani kubwa, kwani saa za simulateri ni ghali. Shirika moja la Marekani, Southwest, liliandikiwa katika mkataba kwamba kama mafunzo ya simulateri yatalazimishwa, litapunguziwa dola milioni moja kwa kila ndege. Lakini ndani ya MAX kulikuwa na mtambo mpya uliokuwa unasukuma pua ya ndege chini wenyewe, na marubani hawakuwa wamefundishwa juu yake. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka baharini karibu na Jakarta, watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ile ya Ethiopian iliyokuwa inakwenda Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka, watu 157.

Ethiopian ilikuwa miongoni mwa mashirika ya kwanza kuwa na simulateri ya MAX. Haikusaidia, kwani Mei 2019 Boeing yenyewe ilikubali kwamba programu ya simulateri hizo ilikuwa na kasoro, haikuweza kuigiza vizuri hali fulani za hatari. Januari 2020 ikageuza neno lake, ikashauri kila rubani wa MAX apite kwanza kwenye simulateri.

Tunaikumbusha habari hiyo hapa, katika nchi ambamo Novemba 2019 ndege ilianguka juu ya nyumba za watu mjini Goma, kwa sababu inatupa kipimo. Simulateri mpya inastahili bei yake pale ambapo ndege imebadilika na ile ya zamani haiwezi kufundisha mabadiliko hayo. Tena haitoshi iwe mpya. Inapaswa ionyeshe kile kilichobadilika.

Sasa tupime kwa kipimo hicho ombi la mtoto wetu. Anachojifunza ni nini? Bawa linabebwa na hewa vipi, dira inasomwaje, upepo wa kando unamsukuma wapi, mafuta yatamfikisha au hayatamfikisha. Hayo hayakubadilika kati ya 2006 na 2024. Cessna 172, ndege ndogo ambayo wanafunzi wengi wanaanza nayo, imo katika toleo la 2006, la 2020 na la 2024.

Mtihani wa Kavumu

Mnaweza kuhakikisha wenyewe jioni moja, bila kujua lolote la urubani. Mwambie mtoto akurushe kutoka Kavumu hadi Goma kwa simulateri aliyo nayo, na kabla ya kugusa mashine akuandikie safari kwenye karatasi.

Umbali kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 85. Dira iwe digrii 35 hivi, kaskazini-mashariki, kisiwa cha Idjwi kikibaki mkono wa kuume. Cessna 172 inakwenda karibu kilomita 220 kwa saa, kwa hiyo dakika 23 na muda kidogo wa kupanda. Inakunywa karibu lita 32 kwa saa. Akuambie atatia lita ngapi na akiba ni ngapi, iwapo Goma kuna mawingu na inabidi ageuke. Kisha akueleze kwa nini pale Kavumu, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ndege yake inakimbia chini kwa muda mrefu kabla ya kuinuka kuliko ingekimbia Mombasa. (Hewa ya juu ni nyepesi, bawa na mota vyote vinapata kidogo.) Na Nyiragongo iliyo mbele yake, mita 3,470, amepanga kuipita upande gani?

Kijana mmoja tuliyemjaribu hivyo alianza kwa majivuno, akatua ndani ya ziwa mara mbili. Mara ya tatu aliomba kalamu.

Mtoto anayeweza kufanya safari hiyo vizuri kwenye toleo la zamani ana kitu ndani yake, na ombi lake lisikilizwe. Yule asiyeweza, toleo jipya litamwonyesha tu ziwa zuri zaidi la kuangukia.

Tena wamama wajue jambo ambalo wauzaji hawasemi: saa za simulateri ya nyumbani, ya zamani au mpya, hazihesabiki kwenye leseni. Kanuni za kimataifa zinataka saa 40 za kuruka kweli kwa leseni ya rubani binafsi na saa 200 kwa ile ya kazi, au pungufu kidogo kwa aliyesoma katika chuo kilichoidhinishwa. Mashine ya mafunzo inakubaliwa kwa saa chache tu za hizo, nayo iwe imepitishwa na wakubwa wa usafiri wa anga. Njia hiyo inagharimu makumi ya maelfu ya dola. Inamtaka mtoto awe na hesabu na fizikia zilizosimama, afya inayopita kwa daktari, na Kiingereza: tangu 2008 rubani wa safari za kimataifa anapimwa Kiingereza cha redioni. Kwetu, ambako watoto wanasoma kwa Kifaransa, hapo ndipo wengi wanakwama. Kwa maoni yetu, dola 70 za masomo ya Kiingereza zinamsogeza karibu na ndege kuliko dola 70 za picha.

Ya bure ipo

Mama ambaye mtoto wake ana hamu ya kweli haachwi mikono mitupu. Iko simulateri inayoitwa FlightGear, iliyoanzishwa na wapenzi wa ndege katika miaka ya 1990 na inayoendelezwa nao mpaka leo. Ni ya bure kabisa, na sheria yake inaruhusu kunakili na kugawa, kwa hiyo flashi yenye FlightGear si wizi. Ukipunguza uzuri wa picha inakubali mashine za kawaida. Dunia yake imekatwa mapande ya digrii 10 kwa 10. Unavuta pande lako mara moja, kisha unaruka bila intaneti. Pande letu linashika Bukavu, Goma, Kindu, Kalemie, hata Bujumbura. Kigali iko ng'ambo kidogo ya mpaka wa pande hilo, anayeitaka avute la pili.

Haina mvuto wa ile ya Microsoft. Vijana wataikunjia uso siku ya kwanza. Lakini saa zake za vipimo zinasoma sawasawa, na wengine wameanza hata kuichungulia ndani kuona ilivyoandikwa, jambo ambalo ile ya kulipia haikuruhusu. Kijana anayejifunza kutengeneza programu ana kazi hata kama hatapanda ndege maisha yake yote.

Hatusemi hapana kwa wote. Kama nyumba ina mashine ya nguvu tayari kwa ajili ya kazi nyingine, ina laini nzuri inayolipwa kwa mwezi, mtoto amepita mtihani wa Kavumu na minervali imelipwa, dola 70 si dhambi. Mwenye toleo la 2020 linalokwenda vizuri angoje: bei za programu hizi huwa zinashuka kwa vipindi, na kasoro za mwanzo zinatengenezwa. Mwenye la 2006 na mashine ndogo abaki nalo, aongeze FlightGear.

Tuongeze neno moja ambalo halikuulizwa. Katika maswali yote tuliyopokea, anayeomba ni mvulana. Wasichana wako jikoni au kwenye maji, na mashine inakaliwa na kaka. Irene Koki Mutungi wa Kenya mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787, na Novemba 2015 Ethiopian ilirusha ndege ya abiria kutoka Addis Ababa hadi Bangkok ikiwa na wanawake watupu katika kazi zote. Mashine ikiwa moja nyumbani, jioni ina saa za kugawana.

Kwenye mkutano wetu wa Jumamosi tutakuwa na FlightGear pamoja na pande letu la dunia. Anayetaka amtume mtoto na flashi tupu ya giga 8, na mwenye mashine aje nayo ikiwa imechajiwa kutoka nyumbani. Umeme ukikosekana, tutanakili Jumamosi inayofuata.